Kushona mapambo ya Krismasi na watoto: yaliyotukuta Tanga

Mapambo yanayouzwa Ngamiani, hapa Tanga mjini, kila Desemba ni yale yale: mipira ya plastiki inayong'aa, nyota za karatasi za kumetameta, na taa ambazo balbu moja ikiungua mstari mzima unazima. Yanapendeza siku ya kwanza. Katika nyumba yenye watoto hayafiki Mwaka Mpya. Mpira ukidondoka kwenye sakafu ya saruji unavunjika vipande vikali, na mdogo wetu ndiye wa kwanza kuvikanyaga. Nikawa natafuta pambo lisilovunjika, ambalo watoto wenyewe wangeweza kulitengeneza. Mwalimu mmoja wa chekechea akanionyesha samaki mdogo wa felti, kashonwa kwa mkono na kujazwa tumboni.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, na ndiyo iliyonifanya nisikate tamaa. Mwaka ule dada yangu wa Pangani alikuwa amefariki, na wanawe wawili walihamia kwetu. Mkubwa, mvulana wa miaka tisa, alikuwa anaongea akiulizwa tu. Shule zikifungwa mwezi wa kumi na mbili, mtoto wa namna hiyo anabaki na siku nzima ya kukaa na majonzi yake. Nilitaka kazi ya mikono itakayomweka pamoja na wenzake bila kumlazimisha kusema chochote. Naandika haya kwa mzazi, mlezi au mwalimu wa watoto wa Jumapili anayewaza kufanya kama sisi, kwa sababu kazi hii ina vitu vidogo vidogo ambavyo hakuna anayekuambia, na kimoja tu kinatosha kumfanya mtoto aitupe sindano.

Tuanze na kitambaa chenyewe. Felti haifumwi. Ukiitazama kwa karibu huoni uzi wa kwenda wala wa kukatiza. Felti ya asili ni sufu ya kondoo iliyopitishwa kwenye maji ya moto na sabuni, ikasuguliwa na kukandamizwa mpaka nywele zake zikashikana zisiachane tena. Ile ya kwenye maduka ya stesheneri mara nyingi si sufu, ni polista, imeshikanishwa kwa mashine yenye sindano za vijino. Zote mbili zina sifa moja iliyo kubwa kuliko zote kwa mtoto: ukizikata, ukingo hauchambuki. Kanga au kitenge ukikikata pembeni nyuzi zinaanza kutoka, inabidi ukunje pindo, na mtoto wa miaka sita hawezi kukunja pindo. Lakini anaweza kubana vipande viwili vya felti kwa vidole na kuvishona kuzunguka ukingo, na kazi ikaisha hapo.

Dukani usichanganye felti na foma. Zote zinakuja kwa ukubwa wa karatasi ya A4, zote laini, zote zina rangi kali, na mara nyingi zinakaa rafu moja. Foma unaweza kuigundisha vizuri sana, ila ukiishona inachanika kufuata matundu ya sindano. Bonyeza kwa ukucha: foma inabaki na alama, felti inarudi na ina manyoya kidogo. Mimi karatasi moja ya felti nilinunua shilingi 1,500. Ukitaka mapambo ya ukubwa wa kiganja, karatasi hiyo inatoa matatu tu, maana kila pambo lina mbele na nyuma. Piga hesabu ya watoto wako kabla hujawaahidi. Kwangu, pamoja na watoto wa majirani waliokuja kuchungulia wakaishia kukaa mkekani, hela ya felti iliisha kabla mti haujaanza kuonekana una kitu.

Hapo ndipo tulipohamia mtumba, na hili ndilo jambo ninalopenda kulieleza kuliko yote.

Tanga hakuna anayehitaji sweta zito. Ndiyo maana kwenye mafungu ya mtumba masweta ya sufu hukaa mpaka mwisho, bei inashuka mpaka shilingi elfu moja, wakati mwingine mia tano. Sweta la sufu halisi ukilichemsha na kulifikicha linanywea na kugeuka felti. Si felti ya kuigiza, ni felti kamili, nene na laini kuliko ya dukani. Sharti ni kwamba liwe sufu tupu. Likichanganywa sana na nyuzi za kiwandani halishikani vizuri. Lipo lililotutia hasara: lilimaliza mkaa wa jioni nzima, likatanuka badala ya kunywea, na lilipokatwa likafumuka lote. Sufu iliyotiwa dawa kiwandani ili ifuliwe kwa mashine nayo haishikani, hata kama lebo inasema ni sufu asilimia mia.

Lebo nyingi zimekatwa au zimefutika, kwa hiyo tumia moto. Chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, ushike kwa kibanio, uwashe kwa kiberiti juu ya sahani. Sufu inanuka nywele zilizoungua, moto wake unazima wenyewe, na majivu yake yanasagika kwa kidole. Uzi wa plastiki unayeyuka, unanuka kemikali, na unabaki tone gumu jeusi. Nilimwomba muuza mtumba ruhusa ya kuchomoa nyuzi palepale kwenye fungu, na alikubali, baadaye akawa ananiwekea yale anayodhani yanafaa. Jaribio hilo ni la mtu mzima. Watoto watazame wakiwa wamekaa mbali.

Kulifanya sweta linywee ni kazi ya jioni moja. Kata mikono kwanza na fumua zipu au vifungo. Chemsha maji kwenye sufuria kubwa, tia vipande vya sabuni ya mche, zamisha sweta, korogea kwa mwiko wa zamani. Likishaloa hasa, lihamishie kwenye beseni na ulifikiche kwa nguvu ukiwa umevaa glavu za jikoni, halafu lisuuze maji ya baridi, halafu lirudishe kwenye moto. Hayo mabadiliko ya joto na baridi pamoja na kufikicha ndiyo yanayofanya nywele zikamatane. Mwanzoni unaona hakuna kitu. Kisha ghafla unahisi mkononi kitambaa kimekuwa kizito, na vishimo vya ufumaji vinaanza kuziba. Usipoviona tena, acha. Fua kila rangi peke yake, maana nyekundu inatoka sana, na anika likiwa limetandazwa bapa juani. Nyumba itanuka kondoo mpaka kesho yake. Sweta kubwa la mwanamume lilitupa mapambo mengi kuliko karatasi zote nilizowahi kununua, na hata ukihesabu mkaa bado unabaki na faida.

Maumbo yalituletea mjadala mrefu. Watoto wote walitaka nyota, kwa sababu ya Bethlehemu, na nyota ndiyo umbo gumu kuliko yote. Ina pembe tano za kujaza na makwapa matano ambayo mshono ukikaribia ukingo unachanika. Waanzishe na umbo la mviringo mviringo lisilo na kona kali. Sisi tulianza na embe, ambalo Desemba lipo kila mahali na kila mtoto analijua kwa kiganja chake: kijani, shavu moja la njano, jani moja juu. Baada ya embe wakafanya samaki, kisha moyo, kisha ngalawa. Nyota ilikuja mwisho, kubwa, yenye pembe butu, na waliifanya wale wakubwa tu.

Kata umbo kwenye boksi la kadibodi kwanza, ulichore juu ya felti kwa chaki ya fundi, na kazi ya kukata aifanye mtu mzima au mtoto mkubwa. Mikasi ya shule haikati felti, inaitafuna. Nilimwona binti yangu anakamua mkasi wake mpaka vidole vinakuwa vyeupe na kitambaa kinajikunja tu katikati ya makali, na machozi yakafuata. Nilipokabidhi watoto vipande vilivyokwisha kukatwa, hasira yote iliondoka, ikabaki kushona, ambayo ndiyo kazi wanayoipenda.

Na kushona tulifundishwa na bibi wa nyumba ya pili. Bibi huyu ameshona kofia za bulibuli tangu usichana wake, macho sasa hayamruhusu, ila vidole bado vinakumbuka. Nilikwenda kumwomba awaonyeshe watoto angalau namna ya kufunga fundo. Akaja na mkeka wake. Watoto wakamwamkia, shikamoo bibi, akaitikia, "Marahaba wajukuu zangu, haya nionyesheni nyuzi zenu." Akazichukua moja moja, akazipima kutoka ncha ya kidole mpaka kiwiko, akakata iliyozidi. "Ukizidi hapa, mjukuu wangu, utashinda unafungua mafundo mpaka magharibi." Toka siku ile hakuna mtoto wangu anayekata uzi bila kuupima mkononi.

Aliwaanzisha na bandi, kuingia na kutoka, kuingia na kutoka, juu ya kipande kisicho na kazi. Kisha akawapa mshono wa blanketi, ule ambao uzi unapita chini ya sindano kila inapotoka na kuacha ukuta mdogo kwenye ukingo. Fundo la kuanzia liwe katikati ya vipande viwili ili lisionekane. Ukingo uache nafasi ya upana wa punje ya mchele. Wadogo wa miaka minne na mitano aliwatobolea matundu mapema kwa shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, akawapa sindano butu yenye tundu kubwa na uzi mnene, wakawa wanafuata matundu tu. Mjukuu wake mmoja anatumia mkono wa kushoto, na kila alipokaa ubavuni mwa mtu kuiga mshono alichanganyikiwa. Bibi akamkalisha mbele yake, uso kwa uso, mtoto akaiga kama anayejitazama kwenye kioo, na mshono ukakaa sawa mara ile ile.

Tatizo letu la pwani ni jasho. Desemba vidole vinateleza kwenye sindano, na sindano yenyewe ikilala na jasho lile asubuhi ina kutu, na kutu inaacha doa kwenye felti nyeupe. Poda kidogo kwenye vidole inasaidia. Sindano tunazichomeka kwenye kipande cha sabuni kavu, na kabla mkeka haujakunjwa zinahesabiwa, zilizotoka lazima ziwe zilizorudi. Hapo siwi mpole. Sindano iliyopotea kwenye mkeka wanaolalia watoto ni hatari, na hakuna anayeinuka mpaka ionekane.

Wengi wa watoto wale ni Waislamu. Kabla ya kuwapa sindano nilipita kwa mama zao, nikawaeleza kwamba tunashona mapambo ya Krismasi, kama wanaona sawa wanao washike kazi. Wote waliridhia, baadhi wakaomba watoto wao washone samaki na ngalawa wabaki nazo nyumbani. Ni jambo la dakika chache, na heshima yake ni kubwa. Nisingependa mtoto arudi kwao na kitu ambacho mzazi wake hajaulizwa.

Tumboni mwa mapambo tulitia sufi, ile pamba ya mti wa msufi, si sufu ya kondoo. Ni nyepesi, kwa hiyo haivuti tawi, na haipendi maji. Ni ile ile iliyokuwa ikijazwa kwenye majaketi ya kuokolea baharini. Lakini ichambueni nje, upande usio na upepo. Sisi tulianza kuichambua sebuleni, feni inazunguka, na kwa muda mfupi hewa nzima ilikuwa nyeupe. Mtoto wa jirani ana pumu, akaanza kubanwa kifua. Tulimtoa nje haraka, mama yake akaleta dawa yake ya kuvuta, akatulia, lakini mimi nilitetemeka mpaka usiku. Sasa sufi inachambuliwa na mtu mzima peke yake, kwenye beseni lililofunikwa kanga mbichi, mbegu zinatolewa, na watoto wanaletewa ikiwa imefungwa vifungu vidogo. Kwenye nyumba yenye pumu tumia vipande vya mafundi cherehani vilivyokatwakatwa. Ni vizito kidogo, ila ni vya bure. Na sufi inashika moto upesi, kwa hiyo umeme ukikatika mshumaa usiwekwe karibu na mti.

Mpe mtoto kijiti cha mshikaki kilichokatwa ncha, asukumie sufi kwenye kona kwanza, katikati mwisho. Pambo lisijazwe mpaka likaze, ukingo utaachana.

Kisa kimoja kilinifundisha kuliko vyote. Mama mmoja wa mtaani alikuja jioni kumchukua mwanawe, akaona samaki aliyeshonwa: mishono mingine mirefu, mingine imebanana, mkia umepinda. Kwa upendo wake akamfumulia usiku na kumshona upya, safi kabisa. Kesho yake mtoto alikaa mkekani mikono mapajani. Alipopewa kipande kipya alisema, "Mama atashona." Bibi alimwita yule mama na kumwambia taratibu, "Mwanangu, yule samaki alikuwa wake. Huyu sasa ni wako." Mama alielewa, wala hakukasirika. Ilichukua muda mtoto kurudia sindano, na alirudi kwa sababu bibi alimwomba amtungie uzi, akidai haoni tundu. Mshono uliopinda uacheni. Kama pambo litafumuka, mwite mwenyewe, mwonyeshe penye mwanya, mpe sindano aongeze.

Yule mvulana wetu wa Pangani alishona kimya kwa siku nyingi. Alichagua ngalawa. Siku moja akiwa anahangaika na tanga, bila kuinua macho, alianza kumweleza bibi jinsi mama yake alivyokuwa akimshika mkono kwenye kivuko cha mto Pangani kwa sababu alikuwa anaogopa magari yakipanda. Bibi aliendelea kumshikia kitambaa. Akauliza tu, "Na wewe ulikuwa unaogopa?" Akasema hapana, yeye alikuwa anapenda. Mimi nilikuwa jikoni, mlango uko wazi. Sikutoka, na nashukuru sikutoka. Mlezi mwenye mtoto aliyefiwa nina hili la kumwambia: mtoto akiwa ameshika kazi na macho yake yapo kwenye sindano, maneno yanapata njia ambayo uso kwa uso hayaipati. Usimwulize. Kaa karibu, mpe uzi.

Habari zilipoenea, mteja mmoja mwenye biashara mjini alitaka tumshonee mapambo hamsini kwa bei nzuri. Fedha zile zingelipa daftari na sare za Januari, na sitaki kujifanya hazikunivutia. Lakini baada ya siku chache mkeka ulibadilika. Nikawa nasema harakisha, rudia, hili haliuziki. Mdogo akaanza kujificha muda wa kazi ukifika. Nilimpigia mteja nikamwambia atapata yale yaliyokwisha tu, mengine tutashona mimi na mafundi wenzangu wawili watu wazima tukipata nafasi. Alikubali nusu, akalipa nusu. Ukitaka biashara, ifanye na watu wazima, na mkeka wa watoto ubaki mbali nayo.

Mti wetu ni tawi la mvinje, tuliloomba kwa mwenye shamba, tukalisimamisha kwenye ndoo ya mchanga na mawe. Vitawi vya mvinje ni vyembamba, vinainama, na hapo ndipo wepesi wa felti unapoonekana; mapambo ya masweta mazito tuliyafunga karibu na shina. Vitanzi tulifanya kwa uzi mwembamba wa katani, ambao hapa kwetu haukosekani, ukitanguliwa kulowekwa ili usichome vidole. Kila mtoto alitundika la kwake alipotaka. Upande mmoja wa chini ulijaa kupita kiasi, kwa sababu ndipo wanapofika wadogo, na tuliuacha hivyo.

Baada ya Epifania, tarehe 6 Januari, usiyatupe tu kwenye mfuko. Felti ya polista haina neno, lakini sufu inaliwa na nondo, na masika ya Machi mpaka Mei yanaleta ukungu. Yaanike juani siku nzima, yapange kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, tia karafuu chache kwenye kitambaa, andika jina la kila mtoto kwenye karatasi ndogo ndani ya kitanzi chake. Kopo likae juu, panya wasilifikie. Na masweta ya mwaka ujao yatafute mapema, Julai au Agosti, ukiwa na muda wa kuchagua na kuyachemsha yanywee taratibu. Ukisubiri mpaka majilio yaanze utakuta mkaa umepanda na watoto tayari wako mlangoni wanauliza sindano ziko wapi.